M*A*S*H: Trapper au B.J., Blake au Potter, Burns au Winchester, na uanzie msimu upi

Kama una saa moja tu ya kuamua M*A*S*H ipi ni yako, ya mwanzo au ya mwisho ya kipindi hiki cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, tazama sehemu mbili kwa mfululizo: “White Gold” ya msimu wa 3 na “Preventive Medicine” ya msimu wa 7. Tendo ni lilelile. Kapteni Hawkeye Pierce, daktari wa upasuaji katika hospitali ya mahema ya 4077 huko Korea, anamfanya ofisa aliyemzidi cheo augue tumbo kwa hila, anamlaza mezani na kumtoa kidole tumbo kisicho na kasoro yoyote. Katika ya kwanza anayepasuliwa ni Kanali Flagg, kachero anayeona maadui kila kona. Hawkeye anashirikiana na daktari mwenzake, Trapper John, na mtazamaji anacheka hadi mwisho. Katika ya pili anayepasuliwa ni kanali wa mstari wa mbele ambaye mashambulizi yake yanawamaliza vijana wake mwenyewe. Safari hii mwenzake Hawkeye ni B.J. Hunnicutt, naye anakataa katakata: daktari hakati mwili wenye afya, hata kwa nia njema. Hawkeye anapasua bila yeye. Upasuaji ukiisha, majeruhi wapya wanashushwa vilevile, maana vita havikuwa na habari na kidole tumbo cha mtu.

Ukiipenda zaidi ya kwanza, misimu 1 hadi 3 ni yako na huenda ya mwisho ikakuchosha. Ukiipenda ya pili, misimu 6 hadi 11 itakushika, na utaona ya mwanzo ina utoto. Ukizipenda zote mbili, nenda moja kwa moja msimu wa 4 na wa 5. Kwangu mimi hiyo ndiyo miaka bora ya kipindi chote, na sababu zake ziko kwenye wahusika.

(Vifo na kuondoka kwa wahusika vinatajwa humu waziwazi. Huwezi kuwalinganisha watu hawa bila kusema walivyoondoka.)

M*A*S*H ilirushwa na CBS ya Marekani kuanzia tarehe 17 Septemba 1972 hadi 28 Februari 1983. Ni misimu 11 na sehemu 256, zote kuhusu vita vilivyodumu miaka mitatu na mwezi mmoja. Larry Gelbart, aliyekiunda kipindi kutokana na filamu ya 1970, aliondoka mwisho wa msimu wa 4. Mtayarishaji Gene Reynolds alifuata mwisho wa msimu wa 5, Burt Metcalfe akashika usukani, na Alan Alda, anayeigiza Hawkeye, akazidi kuandika na kuongoza. Wakati huohuo waigizaji walikuwa wakiondoka, na hapa watayarishaji walifanya jambo la busara kubwa: kila nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na mtu wa tabia iliyo kinyume na ya aliyeondoka. Kwa hiyo swali la nani bora kati ya wa zamani na wa mpya halijibiki mpaka useme unataka kipindi kikufanyie nini.

Henry Blake au Sherman Potter

Luteni Kanali Henry Blake (McLean Stevenson, misimu 1–3) ni daktari wa raia kutoka Bloomington, Illinois, aliyevalishwa magwanda na kukabidhiwa kambi asiyoiweza. Kofia yake ina ndoano za kuvulia samaki. Anaweka saini kila karatasi anayoletewa na karani wake bila kuisoma, na udhaifu huo ndio mtambo unaoendesha vichekesho vya miaka ile. Chukua “Tuttle” ya msimu wa 1: Hawkeye anambuni kapteni asiyekuwepo, mshahara wake unakwenda kwa kituo cha yatima, na uongo unakua mpaka jenerali anataka kumpa nishani. Ikabidi Kapteni Tuttle afe, na ikatangazwa kwamba aliruka kutoka kwenye helikopta akasahau parachuti. Hadithi hiyo inawezekana tu chini ya mkuu kama Blake. Mpe Potter faili la Tuttle naye angeuliza swali moja, na hadithi ingekwisha kabla ya tangazo la kwanza la biashara.

Kanali Sherman Potter (Harry Morgan, misimu 4–11) ni mwanajeshi wa kazi kutoka Hannibal, Missouri. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye kikosi cha wapanda farasi, kambini ana farasi wake Sophie, anachora picha, anamwandikia mkewe Mildred, na matusi yake ya hasira hutaja kinyesi cha farasi. Anajua kuamuru na anajua kupasua. Akiwepo, kambi inakuwa mahali pa kweli, na mzaha wa Hawkeye unapata mpaka wa kugongana nao. Morgan alikuwa tayari ameonekana mwanzoni mwa msimu wa 3 akiigiza jenerali aliyerukwa na akili katika “The General Flipped at Dawn”. Itazame kabla ya kukutana na Potter, uone jinsi mtu mmoja alivyobeba watu wawili wasiofanana hata kwa mwendo.

Kwa kucheka, Blake anamshinda Potter, na kwa mbali. Stevenson alikuwa na kipaji cha kuanza sentensi asijue itaishia wapi, na uso wake kuonyesha hivyo. Ila kwa kipindi kinachotaka kudumu miaka minane zaidi, Potter alikuwa lazima. Mkuu asiyeweza kazi anachekesha kwa miaka mitatu. Akizidi hapo unaanza kujiuliza ni majeruhi wangapi wanaumia kwa uzembe wake. Udhaifu wa Potter upo pia: kuanzia msimu wa 9 hivi anageuka babu wa kila mtu, na ukali uliomfanya apendeze msimu wa 4 unalainika. Sehemu yake bora ni “Old Soldiers” ya msimu wa 8. Marafiki watano wa vita vya kwanza walihifadhi chupa ya konyaki kwa makubaliano kwamba atakayebaki peke yake ainywe kwa heshima ya wenzake. Chupa inamfikia Potter.

Na kuondoka kwa Blake? “Abyssinia, Henry” ilirushwa tarehe 18 Machi 1975. Henry anaagwa kwa furaha, anapanda helikopta, kisha karani wake, Radar, anaingia chumba cha upasuaji bila barakoa na kusoma kwamba ndege iliyombeba imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani na hakuna aliyepona. Waigizaji wengi hawakupewa ukurasa ule mpaka muda wa kuupiga picha ulipofika. Sikiliza vizuri: baada ya maneno ya Radar kuna kifaa kinachoanguka sakafuni. Hakikupangwa, wakakiacha. Barua za hasira zilimiminika CBS, lakini Gelbart na Reynolds walishikilia msimamo wao kwamba vitani watu unaowapenda wanakufa baada ya kuaga, bila sababu. Wiki sita baadaye Saigon ilianguka. Wamarekani waliokuwa wakitazama Korea kwenye runinga walijua wanaangalia Vietnam.

Trapper au B.J.

Huu ndio ubishi mkali kuliko yote, na ndio wenye ushahidi mchache upande mmoja, kwa sababu Trapper hakupewa nafasi. Kwenye filamu na riwaya iliyoizaa, Hawkeye na Trapper John McIntyre ni sawa kwa sawa. Kwenye televisheni maneno mazuri yalihamia kwa Alda mwaka hata mwaka, na Wayne Rogers akaondoka baada ya msimu wa 3 kwa kuchoka kuwa kivuli.

Kilichobaki cha Trapper ni wepesi. Yeye na Hawkeye wanamaliziana sentensi, wanapika pombe ya jini hemani, wanawakimbilia wauguzi (Trapper ana mke na mabinti wawili nyumbani, na kipindi hakijali sana). Kama unataka watu wawili wanaofanya fujo kwa akili moja, hakuna jozi bora. Lakini usimdharau kwenye uzito: katika “Radar's Report” ya msimu wa 2 mgonjwa wake anakufa kwa sababu ya fujo iliyofanywa na mateka, na Trapper anasimama juu ya yule mateka akifikiria kumuua. Katika “Kim” ya msimu huohuo anataka kumlea mtoto wa Kikorea, mpaka mama wa mtoto anapotokea. Rogers anaigiza yote mawili bila kupaza sauti. Ukitazama sehemu hizo mbili utaelewa kwa nini mashabiki wake bado wanaumia.

B.J. Hunnicutt (Mike Farrell) anatoka Mill Valley, California. Ana mke Peg na binti Erin ambaye hajamwona akikua, na kinyume na Trapper, anaishi kwa ajili yao. Wanaompinga wanasema ni mtakatifu mno. Hilo ni kweli kwa mtu aliyetazama sehemu chache tu. “Hanky Panky” ya msimu wa 5 inaonyesha siku aliyoteleza. “Period of Adjustment” ya msimu wa 8 inakwenda mbali zaidi: Radar amerudi Marekani, amekutana na Peg na Erin, na mtoto amemwita Radar baba. B.J. analewa, anavunja mtambo wa jini na kumpiga Hawkeye ngumi. Hasira ile ilikuwa imejengwa kwa miaka minne.

Mimi nachagua B.J., na sababu ni ile ya kidole tumbo. Trapper alikuwa anakubaliana na Hawkeye. B.J. anaweza kumwambia hapana, na mhusika mkuu ambaye hakuna rafiki wa kumkatalia anaoza. Hata ule ugomvi wa “Preventive Medicine” ulizaliwa hivyo: Farrell mwenyewe alipinga skripti ya awali, akisema B.J. asingekubali kamwe, na ubishi wao ukaandikwa ndani ya hadithi.

Yeyote unayemwegemea, tazama “Welcome to Korea”, mwanzo wa msimu wa 4. Hawkeye anarudi kutoka mapumzikoni Tokyo na kukuta Trapper ameshapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Anakimbilia uwanja wa ndege wa Kimpo, anamkosa kwa dakika kumi, na papo hapo anakutana na kapteni mpya, msafi, mwenye tabasamu. Njiani kurudi kambini yule msafi anaona majeruhi wa kwanza maishani mwake na kutapika kando ya barabara. Ni makabidhiano bora kuliko yote niliyoyaona kwenye vichekesho vya televisheni.

Frank Burns au Charles Winchester

Hapa sioni mjadala, ingawa Larry Linville anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Meja Frank Burns wa Fort Wayne, Indiana, ni daktari mbovu, mnafiki, mwoga anayetaka nishani. Katika “Sometimes You Hear the Bullet” anaomba Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa vitani, kwa sababu mgongo ulimkwama. Katika “The Kids” anaidai tena kwa kipande cha ganda la yai kilichoingia jichoni. Linville hakumwonea Burns huruma hata kidogo, na ujasiri huo wa kukubali kuchukiwa kila wiki ndio uliofanya miaka mitano ya kwanza iende kasi. Mzaha unataka ukuta wa kudunda, na Burns alikuwa ukuta.

Tatizo lilianza mwanzoni mwa msimu wa 5, Margaret Houlihan, mkuu wa wauguzi na hawara wa Burns, alipochumbiwa na ofisa mwingine. Kabla ya hapo Burns alikuwa na mshirika, kwa hiyo vita vya hemani vilikuwa wawili kwa wawili. Baada ya hapo anabaki peke yake dhidi ya Hawkeye, B.J. na kambi nzima, na matusi yaleyale yaliyochekesha msimu wa 2 yanaanza kufanana na uonevu. Simu anayompigia mama yake mwisho wa “Margaret's Engagement” ni dakika nzuri kuliko zote za Linville, na pia ni ushahidi kwamba mhusika amefika ukingoni. Aliondoka mwisho wa msimu huo kwa kuona hakuna pengine pa kumpeleka Frank, na alikuwa sahihi.

Meja Charles Emerson Winchester wa Tatu (David Ogden Stiers) anaingia katika “Fade Out, Fade In”, mwanzo wa msimu wa 6. Mkuu wake wa Tokyo, ambaye Winchester alikuwa akimdai fedha za mchezo wa karata, ameona heri kumtupa Korea. Ametoka ukoo wa kitajiri wa Boston, anasikiliza Mozart kwenye gramafoni, anawaona wenzake kuwa watu wa chini, na, tofauti na Burns, mkono wake kwenye upasuaji unalingana na wa Hawkeye na pengine kuuzidi. Hapo hesabu yote inabadilika. Hawkeye hawezi tena kushinda kwa kusema mpinzani wake hajui kazi. Lazima awe na hoja, na mara nyingine anashindwa.

Kumhukumu Winchester kwa haki kunataka sehemu tatu. “Morale Victory” ya msimu wa 8: ameokoa mguu wa askari kwa upasuaji wa kujivunia, halafu anagundua kijana ni mpiga piano na aliyoipoteza ni nguvu ya mkono wa kulia. Anamtafutia tamasha la piano la Ravel lililotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake. “Run for the Money” ya msimu wa 11: anamtetea askari mwenye kigugumizi kwa ukali usioeleweka, mpaka unaposikia sauti ya dada yake Honoria kwenye kanda. Na “Death Takes a Holiday” ya msimu wa 9, ambayo ningeipa mtu anayedai kipindi kiliharibika baada ya Radar kuondoka. Kwa desturi ya ukoo wake, Winchester anaacha chokoleti za bei kwenye kituo cha yatima usiku wa Krismasi, kwa siri. Baadaye anakuta zinauzwa magendo, na anamvamia mkuu wa kituo. Yule mzee anamweleza kwamba fedha zile zimenunua mchele na kabichi. Winchester, aliyezaliwa kwenye wingi, anatambua alikuwa anampa vitamutamu mtoto ambaye hajala chakula. Klinger, karani wa kambi wakati huo, amesikia yote nje, hasemi kitu, anamletea tu sahani ya mabaki ya sherehe kwa sharti kwamba asijulikane aliyempa. Wanaitana kwa majina ya kwanza, Charles na Max. Burns asingeweza kubeba tukio hilo hata kwa sekunde kumi.

Margaret, na karani yupi

Margaret (Loretta Swit) hana wa kulinganishwa naye ila yeye mwenyewe, maana yeye na Hawkeye ndio wahusika wakuu pekee waliokuwepo tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho wakiwa na waigizaji walewale. Misimu 1–3 yeye ni kichekesho tu: hawara wa Frank, mpenda kanuni, jina la utani linalomdhalilisha. Swit alidai zaidi, na akapata. Mstari wa kugawa ni “The Nurses” ya msimu wa 5, pale anapowaambia wauguzi wake kwamba kwa muda wote huo hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kikombe cha kahawa. Ukimfahamu Margaret wa mwanzo tu, hujamfahamu. Ukianza na wa mwisho tu, hutaona alivyopigania kila hatua.

Radar O'Reilly (Gary Burghoff) au Klinger (Jamie Farr) kwenye meza ya karani? Radar, bila shaka. Anasikia helikopta kabla ya mtu yeyote, anamaliza sentensi za mkuu wake, na kutoka kwake Ottumwa, Iowa, amebeba utoto ambao vita vinautafuna polepole. Klinger alibuniwa kuonekana mara moja tu, akivaa magauni ili afukuzwe jeshini kwa wazimu, na alichekesha zaidi akiwa pembeni. Baada ya “Good-Bye, Radar” ya 1979 alivuliwa magauni na kupewa mafaili, na ingawa Farr alifanya kazi nzuri, mzaha wake mkubwa ulikuwa umekwisha.

Sehemu zinazogombaniwa

Kwa kicheko kitupu: “Tuttle”, kisha “Adam's Ribs” ya msimu wa 3, ambapo Hawkeye, baada ya siku kumi na moja za maini na samaki, anaanzisha operesheni nzima ya kuagiza mbavu za kuchoma kutoka Chicago. “Dear Sigmund” ya msimu wa 5, iliyompa Alda tuzo ya Emmy ya uongozaji, inachekesha na kuuma kwa kipimo kimoja. Daktari wa akili Sidney Freedman amechoka, amekimbilia 4077, na anamwandikia barua Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi.

Kwa uzito, wengi hutaja kifo cha Blake. Mimi naweka juu yake “Sometimes You Hear the Bullet” ya Januari 1973. Rafiki wa utotoni wa Hawkeye, mwandishi anayeishi na askari ili aandike kitabu, anakufa mkononi mwake mezani. Blake anamwambia alichofundishwa jeshini: kanuni ya kwanza ya vita ni kwamba vijana hufa, na ya pili ni kwamba madaktari hawawezi kuibadilisha ya kwanza. Kipindi kilikuwa na miezi minne tu hewani na watazamaji wachache, na hapo ndipo kilipojitambua. Askari kijana aliyedanganya umri katika sehemu hiyo anaigizwa na Ron Howard, na ile Purple Heart ya Frank inaishia kifuani mwake.

Kuna kundi la tatu, majaribio ya umbo, na hapo mpambano ni wa tatu. “The Interview” (msimu wa 4) ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanahabari Clete Roberts anawahoji wahusika, na majibu mengine waigizaji waliyatunga papo hapo. “Point of View” (msimu wa 7) yote inaonekana kwa macho ya askari aliyejeruhiwa kooni asiyeweza kusema, kwa hiyo madaktari wanainama juu yako wewe. “Life Time” (msimu wa 8) inaweka saa kwenye kona ya kioo: mshipa mkuu wa damu wa askari umechanika, na madaktari wana dakika 20 za kupata kipande cha kuunganisha kabla hajapooza. Kipande kitatoka kwa askari mwingine ambaye bado hajafa, na rafiki yake amekaa pembeni. Kama umechagua moja tu, chagua hii. “Point of View” ina ufundi wa kushangaza, lakini “Life Time” inakubana mwilini, na swali lake la kumsubiri mmoja afe ili mwingine atembee halina mhusika mbaya wa kulaumiwa.

Mambo yanayoharibu utazamaji

La kwanza ni vicheko vya kubandikwa. CBS ililazimisha viwepo, watayarishaji wakafanikiwa kuvizuia ndani ya chumba cha upasuaji. BBC ilirusha kipindi bila vicheko, na ndiyo maana mtazamaji wa Uingereza na wa Marekani wakibishana wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili. Kwenye seti za DVD ingia menyu ya lugha uchague sauti isiyo na vicheko kabla ya kuanza. Kwa misimu 1–3 jaribu zote mbili, maana mzaha wa Gelbart ulipimwa kwa nafasi ya kicheko na baadhi ya sehemu zinabaki na ukimya wa ajabu. Kuanzia msimu wa 4, zima kabisa.

La pili ni nakala zilizokatwa za marudio ya televisheni. Hupungua dakika kadhaa, na kinachokatwa kwanza ni vile vipande vidogo vya mwisho ambamo hadithi ya pili inafungwa. Kama sehemu inaisha ghafla, shuku nakala kabla ya kumshuku mwandishi.

La tatu ni kutafuta mfuatano wa tarehe. Potter anaripoti kambini tarehe 19 Septemba 1952, kisha “A War for All Seasons” ya msimu wa 9 inamwonyesha pale mwaka mzima wa 1951. Hawkeye ana mama na dada kwenye barua za mwanzo, baadaye ni mtoto wa pekee na mama alishakufa. Yaache hayo.

La nne ni kuanza na sehemu ya kwanza kabisa na kuhukumu kwayo. Ina wahusika walioachwa baadaye na hata padri wa kambi anaigizwa na mtu mwingine, si William Christopher tunayemjua. Mpango ninaoupendekeza kwa mgeni: “Tuttle”, “Sometimes You Hear the Bullet”, “Adam's Ribs”, “White Gold”, “Abyssinia, Henry”, halafu misimu ya 4 na 5 yote kwa mpangilio, bila kuruka. Humo unampata Potter akiwa mkali, B.J. akiwa mgeni, Burns bado yupo wa kugombana naye, Radar yuko mezani, na Margaret anabadilika mbele ya macho yako. Hakuna misimu mingine yenye yote hayo pamoja. Ukimaliza, rudi nyuma kama umemkumbuka Blake, au songa mbele kwa Winchester.

Ya mwisho, “Goodbye, Farewell and Amen”, ilirushwa kwa saa mbili na nusu, Alda akiongoza, na ilitazamwa na watu wapatao milioni 106 Marekani. Mandhari ya nje ya kambi yaliteketea kweli kwa moto wa msituni mwezi Oktoba 1982, nao wakauandika moto ule ndani ya hadithi. Wanaoilalamikia wanasema ni ndefu na nzito mno, na nusu saa ya kwanza inawapa haki kidogo. Lakini hadithi ya Winchester na wanamuziki watano wa Kichina anaowafundisha Mozart ni mwisho wa haki wa kila kitu alichojengewa tangu 1977, na kisa cha Hawkeye ndani ya basi kinalipa deni la miaka 11 ya mzaha wake. Usiitazame kabla hujawa na angalau “Morale Victory”, “Death Takes a Holiday” na sehemu mbili tatu za Sidney Freedman kichwani. Bila hizo utaona watu wanalia na hutajua wanamlilia nani.